Nusu Marathoni ya Moshi: Hesabu za Anayekimbia Nyuma

Fabiano Joseph wa Tanzania alipotwaa ubingwa wa dunia wa nusu marathoni mjini Edmonton, Kanada, mwaka 2005, alitumia saa 1, dakika 1 na sekunde 8. Hiyo ni chini ya dakika 3 kwa kila kilomita. Mimi kwenye mbio za Kilimanjaro, dakika ya 61 ilinikuta ndani ya kilomita ya nane, barabara ya Mweka, nikimwamkia mzee mmoja aliyekuwa akinipita taratibu. Bingwa wakati huo angekuwa ameshamaliza, ameshakunywa maji na anaulizwa maswali na waandishi. Mimi hata nusu ya safari sikuwa nimefika, na bado nilikuwa na raha kuliko wengi walionizunguka. Raha ile ilipangwa, na mpango wake ndio nitakaouchambua hapa. Wenye mbio wana makocha wao. Sisi wa nyuma nani anatuchambulia?

Tuanze na njia. Mbio hizi hufanyika Moshi tangu mwaka 2003, kila mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi, na kitovu chake ni viwanja vya Chuo Kikuu cha Ushirika. Wa kilomita 21 hutoka mjini, hushika njia ya kupanda kuelekea Mweka katikati ya migomba na kahawa, kisha hugeuza na kurudi walikotoka. Chini pale ni kama mita 830 juu ya usawa wa bahari. Kule juu ni karibu mita 1,150. Kwa hiyo unapanda mita mia tatu hivi ndani ya kilomita kumi, kisha unazishuka zote.

Wageni kutoka Dar es Salaam husingizia hewa. "Hewa ya huku nyepesi, bwana," utamsikia mtu akisema huku ameshika kiuno. Si kweli, au tuseme ni kweli kidogo mno. Mita elfu moja si Arusha wala si Iten ya Kenya. Hewa yake humpunguzia mkimbiaji wa kawaida kiasi ambacho kwa mwendo wetu hata hakitambui. Kinachomkata pumzi ni mwinuko wenyewe wa barabara. Kwenye mwinuko wa mita 3 kwa kila mita 100, mwili hufanya kazi zaidi kwa sehemu ya kumi na ushee kuliko kwenye tambarare, hata kama kasi ni ileile. Na Mweka haipandi kwa usawa. Kuna mahali inatulia, kuna mahali inainuka ghafla, na hapo ndipo watu huanza kutazama viatu vyao kana kwamba viatu ndivyo vyenye kosa.

Sasa njoo kwenye kosa lenyewe. Mwaka 1974 kule Christchurch, Filbert Bayi aliweka rekodi ya dunia ya mita 1500, dakika 3 na sekunde 32.2, kwa kuchomoka mbele tangu mwanzo na kumwachia kila mtu kazi ya kumfukuza. Ni mojawapo ya mbio nzuri kuliko zote zilizowahi kukimbiwa na Mtanzania, na nadhani imetuharibu. Kila mwaka Moshi, mluzi ukilia, mamia ya wahasibu, walimu na mafundi simu huchomoka kwa mtindo wa Bayi bila mapafu ya Bayi. Kilomita mbili za kwanza wanacheka. Ya nne wameshanyamaza.

Mfano wa kuiga ni Alphonce Simbu. Kwenye mashindano ya dunia ya Tokyo, Septemba 2025, alikaa na kundi kwa subira hadi uwanjani, akampiku Mjerumani Amanal Petros kwa sekunde 0.03 baada ya kilomita 42. Sekunde sehemu tatu za mia! Sina maana kwamba mimi na Simbu tunafanana kwa lolote, isipokuwa kanuni: nguvu zilizotumika mapema hazirudi.

Kanuni ni rahisi kuitaja. Ugumu ni kuipima ukiwa barabarani, ngoma zinapigwa, watoto wanakupungia, na dada mwenye soksi za waridi amekupita. Saa za setilaiti zinasaidia kwenye tambarare, lakini mlimani zinapotosha: ukiishikilia dakika 7 kwa kilomita uliyoizoea Dar, mlimani mwili unaifanyia kazi ya dakika 6. Mimi niliitumia saa kuhesabu umbali tu. Kipimo cha juhudi nilikitoa shule ya msingi.

Aliyesoma Tanzania anakumbuka mchakamchaka: kabla ya darasa, vumbi, safu mbilimbili, kiranja anaanzisha wimbo na wote mnaitikia. Tulidhani tunaadhibiwa. Kumbe ule ulikuwa ufundi kamili wa mazoezi ya stamina, maana huwezi kuitikia wimbo ukiwa umepitiliza uwezo wako. Pumzi inayotosha kuimba ni dalili kwamba misuli bado inapata oksijeni inayoihitaji. Ikifika mahali unameza maneno, umeanza kutegemea sukari iliyohifadhiwa mwilini kwa kasi kubwa, na akiba hiyo ni ndogo.

Barabarani sikuimba, nina haya. Nilitumia salamu. Barabara ya Mweka imejaa wazee waliotoka kutazama, na mtu mzima hapitwi hivihivi. Nikaweka sharti: kila mzee apate "shikamoo" nzima, kwa sauti ya kawaida, na nibaki na pumzi ya kusikia "marahaba" na kuongeza "habari za asubuhi". Salamu ikikatika katikati, napunguza. Ikikatika tena, natembea hadi nguzo ya umeme inayofuata. Yule mzee aliyenipita kilomita ya nane aliijibu yangu vizuri, akaongeza, "Panda pole, mwanangu. Zawadi haziko huku juu." Naye alikuwa amevaa namba kifuani, na raba ambazo ziliwahi kuwa nyeupe.

Kutembea huko kuna watu wanaona ni aibu. Hesabu inasema vingine. Kwenye vipande vikali, kukimbia kwangu na kutembea kwa hatua za haraka kulitofautiana kwa mwendo mdogo sana, lakini mapigo ya moyo yalishuka waziwazi. Kwa hiyo nilipanda kwa wastani wa dakika 8 kwa kilomita, vipande vya kutembea vikiwemo. Dada mwenye soksi za waridi nilimkuta amekaa juu ya jiwe, na tukasalimiana bila kinyongo.

Chakula na maji nitavipitia haraka. Akiba ya sukari ya misuli na ini humtosha mtu kwa saa moja na nusu hadi mbili hivi za juhudi. Anayemaliza kwa saa moja hana haja ya kula njiani. Sisi wa saa mbili na nusu tunayo. Nilibeba tende kwenye kitambaa, nikala chache kila baada ya nusu saa, na ndizi mbivu moja kule juu, maana kukataa ndizi ya Uchagani ni utovu wa adabu. Mwenzangu alipewa mbege, akaionja. Siipendekezi kitaalamu, ingawa alimaliza. Maji nilikunywa kwa kiu, mafundo machache kila kituo. Wanaokimbia polepole ndio wenye hatari ya kunywa kupita kiasi, kwa sababu tuna muda mwingi wa kunywa, na maji mengi mno huzimua chumvi ya damu hadi mtu akaugua. Anayekuambia unywe hata bila kiu hakutakii mema.

Kugeuza sasa. Hapa utasema: kurudi ni kushuka, nani asiyeweza? Wengi tu. Kwanza, mteremko haurudishi chote ulichotoa kwenye mlima. Pili, ukishuka, misuli ya mapaja inafanya kazi ya breki: inakaza huku inarefushwa, hatua baada ya hatua, na kazi ya namna hiyo huzichana nyuzi ndogondogo za misuli zaidi kuliko kupanda kunavyofanya. Aliyefika juu akiwa amechoka hawezi tena kuishika breki hiyo vizuri. Anaanza kutua kwa kisigino, mguu umenyooka mbele yake, anasikika kwa mbali, pa! pa! pa! Kila "pa" inapokelewa na goti.

Nilichofanya ni kufupisha hatua na kuzizidisha idadi. Mguu unatua chini ya kiwiliwili, goti limekunjwa kidogo, mwili umeegemea mbele kidogo kutoka kwenye kifundo cha mguu na si kiunoni, mikono imeachiwa. Ukimtazama mtoto wa Kibosho anayetumwa dukani kwenye mteremko utaona kitu hichohicho, hakuna aliyemfundisha. Mwendo ukaja wenyewe: dakika 6 na sekunde 45 kwa kilomita, bila kuulazimisha. Kuanzia kilomita ya kumi na tatu nilikuwa napita watu, jambo ambalo katika maisha yangu ya riadha halina historia. Baadhi yao walikuwa akina Bayi wa asubuhi ile. Niliwaamkia waliostahili.

Nilimaliza kwa saa 2 na dakika 35, na nusu ya pili ilikuwa fupi kuliko ya kwanza kwa zaidi ya dakika kumi. Huo ni muda wa chipu, unaohesabiwa tangu unapovuka mstari wa kuanzia. Muda wa mluzi ni mrefu zaidi, kwa sababu wa nyuma kabisa huufikia mstari wakati wa mbele wameshapotea machoni. Ukijipanga nyuma, kama ninavyoshauri, chukua wa chipu. Ni halali yako.

Mazoezi? Dar haina mlima, ila ina mbadala. Daraja la Tanzanite lina urefu wa kilomita moja na mgongo kidogo, na asubuhi limejaa watu wa jogging. Hilo ni la kuzoesha miguu tu. Kazi halisi niliifanyia Pugu na Kisarawe, ambako kuna vilima vya kweli. Na joto la Dar, tunalolilaani, lina faida: mwili unaolizoea huongeza maji ya damu na hutoa jasho mapema, hivyo asubuhi ya Moshi huja kama zawadi hadi jua litakapochomoza sawasawa.

Ila kama ningeruhusiwa kumpa anayejiandaa zoezi moja tu, lingekuwa la kushuka. Watu hufanya mazoezi ya kupanda, kisha hupanda gari kurudi chini. Wiki mbili au tatu kabla ya mbio, tafuta kilima uteremke mara kadhaa kwa mwendo wa wastani. Mapaja yatauma siku mbili, halafu yatajijenga, na kinga hiyo hudumu wiki kadhaa. Nilifanya hivyo, na Jumatatu kwenye basi la kurudi Dar niliweza kushuka kula chakula kama binadamu. Jirani yangu wa kiti, kijana wa mazoezi ya vyuma, ilibidi ashuke ngazi za basi kinyumenyume huku konda akimhesabia. Maumivu ya aina hii hufika kileleni siku ya pili, wakati mwingine ya tatu, na mbio huwa Jumapili. Anayekaa ghorofani ajipange kuwatuma watoto sokoni hadi Jumatano.