Mtoto wa Nje na Jina la Baba

Mtu anayeandika tamthilia ya kihistoria juu ya wafalme na mabwana wakubwa wa Uingereza ana kazi moja ndogo ambayo huifanya harakaharaka, nayo ni kumpa jina la ukoo mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa. Mara nyingi hulibandika tu, kama bei inavyobandikwa kwenye bidhaa dukani. Mtazamaji akisikia FitzRoy ameshajua kwamba huyu ni wa nje, na kwamba baba yake ni mfalme. Mchezo unaendelea. Kwa maoni yangu hapo ndipo watunzi wengi wanapoitupa hadithi iliyo bora kuliko ile waliyoishika, kwa sababu jina la mtoto wa namna hiyo halikuja naye duniani. Lilitolewa, liliombwa, lilinyimwa, na pengine lilibadilishwa mara mbili tatu katika maisha ya mtu mmoja, na kila mara palikuwa na mtu aliyefaidika na mtu aliyeumia.

Tuanze na hiyo Fitz yenyewe, maana imewapotosha wengi. Asili yake ni Kifaransa cha Wanormani, na maana yake ni "mwana wa". Ni "bin" yetu hasa. Ukoo wa FitzGerald wa Ireland haukupata jina lake kwa sababu ya haramu yoyote. Ni watu wa ukoo wa Gerald, basi. Ni baadaye wafalme walipoliokota neno hilo la kale wakawavika watoto wao wa nje. Henry wa Nane alimwita FitzRoy, yaani mwana wa mfalme, mtoto aliyezaa na Elizabeth Blount mwaka 1519, na mtoto alipofika miaka 6 akamfanya Duke wa Richmond na Somerset. Katika The Tudors, mfululizo wa televisheni ulioanza mwaka 2007, FitzRoy anakufa akiwa bado mtoto mdogo. Kijana huyo kwa kweli aliishi hadi mwaka 1536, akafa ana miaka 17 na ameshaoa. Naelewa kwa nini walimwondoa mapema. Angewavurugia hadithi: mfalme anavunja ndoa na kufarakana na Papa kwa ajili ya kutafuta mrithi wa kiume, kumbe mwana wa kiume anaye, mzima, anatembea mbele ya watu na jina linalotangaza baba yake ni nani. Lakini vurugu hiyo ndiyo iliyokuwa utamu wenyewe. Jina lile lilimkiri kijana na papo hapo likamfungia mlango.

Msomaji wa pwani yetu ataona ajabu kidogo. Sayyid Said, aliyefariki mwaka 1856, aliacha watoto wengi, na wanawe waliokikalia kiti cha Unguja baada yake, Majid, Barghash, Khalifa na Ali, wote mama zao walikuwa masuria. Kila mmoja aliitwa bin Said, na hiyo "bin" haikumpunguzia kitu, kwa kuwa katika sheria ya Kiislamu mtoto wa suria ambaye bwana amemkiri ni halali sawa na mtoto wa mke. Neno la Waingereza na neno letu ni mamoja kwa maana. Kilichotofautiana ni sheria iliyosimama nyuma ya neno.

Na sheria ya Uingereza ilikuwa kavu. Ilimhesabu mtoto wa nje kuwa mwana asiye na mtu. William Blackstone, mwanasheria ambaye vitabu vyake juu ya sheria za nchi hiyo vilianza kutoka mwaka 1765, anaeleza kwamba mtoto huyo hana jina la ukoo kwa kurithi, ila anaweza kulipata kwa kujulikana nalo. Yaani watu wakimwita hivyo mpaka likamkaa, ni lake. Hebu fikiri jambo hilo linampa nani mamlaka: majirani, padri, karani wa kanisa, na zaidi ya hao baba mwenyewe, akipenda. James, mwana wa Charles wa Pili na Lucy Walter, alilelewa kwa jina la Crofts, na alipooa mwaka 1663 akachukua jina la mkewe, Scott. Mwaka 1685 alitaka taji la baba yake, akakatwa kichwa.

Aliyeyaelewa haya kuliko watunzi wote wa televisheni ni Shakespeare, katika King John, tamthilia ambayo haichezwi sana. Mwanzoni kabisa ndugu wawili wa nyumba ya Faulconbridge wanaletwa mbele ya mfalme wakigombea urithi. Mdogo, Robert, anadai kwamba kaka yake Philip si mtoto wa marehemu baba yao, bali ni wa Mfalme Richard, yule wa Moyo wa Simba. Wahenga wetu walisema kitanda hakizai haramu, na hivyo ndivyo King John anavyoamua: mama alimzaa Philip akiwa ndani ya ndoa, kwa hiyo Philip ni wa mume, na mali ni yake. Kesi imekwisha. Ameshinda. Ana jina halali na ana ardhi inayoleta pauni 500 kwa mwaka.

Ndipo malkia mzee, Eleanor, mama yake Richard, aliyekwisha kuuona uso wa mwanawe katika uso wa kijana, anamuuliza: wataka kuwa Faulconbridge na ardhi yako, au mwana wa Moyo wa Simba bila ardhi? Kijana anamwachia mdogo wake ardhi. Anapiga magoti akiitwa Philip, anainuka akiitwa Sir Richard Plantagenet. Uharamu ambao sheria ilikuwa imeuondoa, yeye ameuchagua kwa hiari yake, na kuanzia hapo maandishi ya tamthilia yanamtaja kwa neno Mwanaharamu kila anaposema. Baadaye anambana mama yake mpaka anakiri, naye badala ya kukasirika anamshukuru! Nimeisoma sehemu hiyo mara nyingi na bado sijaamua kama nicheke au nimhurumie yule mama, ambaye heshima yake ndiyo iliyolipia jina jipya la mwanawe.

Wanahistoria watasema kwamba Plantagenet halikuwa jina la ukoo wakati wa King John, na ni kweli. Lilianza kutumiwa hivyo katika karne ya 15. Watasema pia kwamba mwana wa nje wa Richard anayejulikana aliitwa Philip wa Cognac tu. Kosa la namna hiyo mimi silioni kuwa ni kosa. Shakespeare alipotoka kwenye tarehe lakini akaipata bei ya jina.

Sasa tuitazame filamu ambayo inatuhusu zaidi sisi Waafrika, nayo ni Belle ya mwaka 2013, iliyoongozwa na Amma Asante. Dido Elizabeth Belle alizaliwa mwaka 1761, baba yake John Lindsay, ofisa wa jeshi la majini la Uingereza, mama yake Maria Belle, mwanamke Mwafrika aliyekuwa mtumwa. Alilelewa Kenwood, nje ya London, kwa mjomba wa Lindsay, Lord Mansfield, jaji mkuu. Filamu ni nzuri. Gugu Mbatha-Raw anamcheza Dido kwa utulivu unaouma, na mgogoro wa mahali pa kula, kwamba anakaa na familia lakini wageni wakija haketi nao mezani, umeonyeshwa vizuri sana.

Hata hivyo nilipoitazama nilikaa nikingojea swali moja, na halikuja: mbona haitwi Lindsay? Katika filamu baba anamkiri waziwazi, na akifa anamwachia pauni 2,000 kwa mwaka, hata binamu yake mzungu anakuwa maskini mbele yake. Wosia wa kweli wa Lindsay, aliyefariki mwaka 1788, una habari nyingine. Unawaachia pauni 1,000 watoto wa nje wawili, John na Elizabeth, wote wakiitwa Lindsay. Dido hatajwi. Basi jina la baba lilikuwapo, na lilitolewa kwa watoto wa nje; lilimpita yeye. Alichokuja kukipata alikipata kwa Mansfield, ambaye kwa wosia wake aliyathibitisha maandishi kwamba Dido ni huru, akampa pauni 500 taslimu na pauni 100 kila mwaka.

Filamu imeufanya ubaguzi uonekane mezani na sebuleni, mahali ambapo kamera inapenda kukaa, kisha ikamfuta baba dhambi zake. Kwa kumpa binti fedha za kubuni imetuondolea sababu ya kuuliza juu ya jina. Hata mume amepandishwa cheo: John Davinier, aliyemwoa Dido mwaka 1793, alikuwa mtumishi wa nyumba za wakubwa, na filamu imemgeuza kijana wa sheria anayepigania haki.

Ningekuwa mimi ndiye niliyeshika kalamu, ningeanzia kanisani, Bloomsbury, Novemba 1766, siku Dido alipobatizwa akiwa na miaka 5. Daftari la ubatizo lipo. Limemwandika kuwa binti wa Bell na Maria mkewe. Hapakuwa na Bwana Bell. Jina la mama limevishwa suruali likasimamishwa mahali pa baba, ili ukurasa ukae sawa na nyumba ya jaji isiaibike. Nataka kumwona karani yule akichovya kalamu wino na kuuliza, na baba wa mtoto ni nani? Kisha kamera imgeukie yule aliyemleta mtoto, ikae hapo mpaka ajibu.