Makofi na Jembe: Mtoto Mkimbizi katika Vitabu Viwili vya Watoto

Mhakiki wa fasihi ya watoto hukabiliwa na kishawishi cha kuisifu kazi kwa sababu ya wema wa dhamira yake. Kitabu kikimhurumia mkimbizi na kuulaani ubaguzi wa rangi, huonekana kimekwisha kufuzu. Makala haya yanadai kwamba huruma si kipimo cha kutosha. Tunacho kipimo kingine katika hekima yetu wenyewe: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Methali hii haimhurumii mgeni, bali humtambua kuwa mtu mwenye mikono na ujuzi.

Tuanze na *Inside Out and Back Again* (2011), riwaya ya Thanhha Lai iliyoandikwa kwa mashairi huru. Hà, msichana wa miaka kumi, anaikimbia Saigon pamoja na familia yake mwaka 1975 na kufikia Alabama. Huko nyumba yao inarushiwa mayai na tofali. Ubaguzi wa aina hii uko wazi na kila msomaji ataulaani. Tukio lenye uzito zaidi limo darasani. Hà anatakiwa kuzitaja herufi za alfabeti na kuhesabu hadi ishirini, naye anapofaulu wenzake wanampigia makofi. Anaghadhibika, kwani hana lugha ya kuwaeleza kwamba alikwisha kujifunza hesabu za sehemu, na kwamba anajua kusafisha maji ya mto. Hapa makofi ya pongezi yanaumiza kama kofi la shavuni. Darasa linampa huruma na kumnyima jembe.

Hata hivyo, riwaya hii ina pengo. Katika chumba cha kulia cha shule, Hà anaona wanafunzi weupe wameketi upande mmoja na weusi upande wa pili, asijue pa kukaa. Historia ya mgawanyiko huo haichimbuliwi. Ilikuwa imepita miaka 12 tu tangu bomu liwaue wasichana wanne weusi kanisani Birmingham, katika jimbo hilohilo, mwaka 1963. Usimulizi wa nafsi ya kwanza unamtetea mwandishi, kwa kuwa mtoto mgeni hawezi kuyajua hayo. Mwalimu anayekifundisha kitabu hana utetezi huo.

Riwaya ya picha *When Stars Are Scattered* (2020), ya Victoria Jamieson na Omar Mohamed, inatugusa kwa karibu zaidi, kwani mandhari yake ni Dadaab. Omar anamlea mdogo wake Hassan, ambaye neno lake ni moja tu, *hooyo*, yaani mama kwa Kisomali. Anapopata nafasi ya kusoma anasitasita, maana nani atabaki na Hassan? Mhusika huyu ni mlezi kabla hajawa mhitaji. Aidha, mkimbizi mwenyewe ni mmoja wa waandishi, hivyo jembe limo mkononi mwake. Lakini ndani ya hadithi, siku ya tatu ya methali haifiki kambini. Wahusika wanangoja mahojiano, kisha wanangoja majibu, na ukombozi unapatikana kwa kuhamia Marekani.

Rudine Sims Bishop, katika makala yake mashuhuri ya 1990, alivifananisha vitabu na vioo na madirisha. Kwa mtoto wa Alabama, kitabu cha Dadaab ni dirisha. Kwa mtoto wa Nairobi ni nini? Ardhi ni ya nchi yake, ilhali kitabu kimeandikwa kwa Kiingereza na kuchapishwa ng'ambo. Darasani mwake huenda ameketi karibu na Mkenya Msomali, ambaye katika misako ya Eastleigh ya Aprili 2014 angeweza kudhaniwa mkimbizi kwa sura yake tu. Mtoto huyo anahitaji pia kioo kitakachomwonyesha mwenyeji, yaani yeye mwenyewe, jinsi anavyomtazama jirani. Kioo hicho hakitapatikana katika vitabu hivi viwili, wala si haki kuwadai waandishi wake. Ni deni la waandishi wa Kiswahili, na la sisi tunaowafundisha.