"Anasema Nini Sasa?": Kuitazama Supa Modo Gesti, Mbali na Nyumbani

Kuna filamu unazitazama, na kuna filamu zinazokutazama wewe. Supa Modo, iliyoongozwa na Mkenya Likarion Wainaina na kuonyeshwa kwa mara ya kwanza kwenye tamasha la Berlin mwaka 2018, nilikuwa nimeitazama mara moja kabla, nikaipenda, nikaisahau. Mara ya pili niliitazama Chennai, India, ndani ya chumba cha gesti kilicho dakika kumi kwa bajaji kutoka hospitali, nikiwa na mama yangu. Safari hii yenyewe ndiyo ilinitazama.

Nianze na chumba, maana chumba kilichangia.

Watanzania wanaopeleka wagonjwa India wanaijua gesti ya namna hii. Vitanda viwili, jiko dogo la pamoja ukumbini, harufu ya binzari isiyokwisha, na ukutani televisheni kubwa kuliko meza. Ina chaneli zaidi ya mia, na hakuna hata moja inayomsemesha mwanamke wa Mlali. Ni Kitamil, Kihindi, Kitelugu, na habari za Kiingereza zinazopigiwa kelele na watu sita kwa mpigo. Mama alikaa siku mbili akiangalia picha bila kusikia chochote. Siku ya tatu akasema, "Baba, hii TV imenichosha. Ni kama kukaa na mgeni asiyekusalimia."

Mimi nilikuwa nimebeba stiki ya TV, kile kidude kinachochomekwa nyuma ya televisheni na kuleta filamu kwa intaneti. Nilijiona mjanja. Lakini gesti zina mambo yake. Rimoti ya pale haikuwa na kitufe cha kubadilisha chanzo cha picha, wameifunga wageni wasivuruge mipangilio. Ilibidi nipapase ubavuni mwa TV hadi nikapata kitufe chenyewe. Waifai nayo ilitaka kwanza nifungue ukurasa, niandike jina na namba ya chumba, na stiki yangu haikujua kufungua ukurasa huo. Nikaachana nayo, nikawasha hotspoti ya simu yenye laini ya kule, nikaiunganisha stiki hapo. Plagi yangu ya pini tatu bapa haikuingia ukutani, nikachomeka waya wa umeme kwenye tundu la USB la televisheni yenyewe. Kwa anayepanga kusafiri, faida ndiyo hiyo. Na ukiondoka usisahau kutoka kwenye akaunti yako, la sivyo mgeni anayefuata atatazama filamu kwa pesa zako.

Ilipowaka, nikagundua jambo lingine. Orodha ya filamu hubadilika ukivuka mpaka, kwa sababu haki za kuonyesha huuzwa nchi kwa nchi. Karibu vyote nilivyokuwa nimevihifadhi nyumbani vilitoweka. Supa Modo ilibaki.

Kwa ambaye hajaiona: Jo ni mtoto wa miaka tisa, anaumwa ugonjwa usiopona. Mama yake, ambaye ni mkunga, anamtoa hospitali ili siku zilizobaki aziishi nyumbani, kijijini. Jo anapenda filamu za mapigano na mashujaa wenye nguvu zisizo za kawaida, ukuta wake umejaa picha zao. Dada yake mkubwa, Mwix, hawezi kuvumilia kumwona mdogo wake amelala akisubiri. Anaanza kumwaminisha Jo kwamba ana nguvu za ajabu, kisha anaingiza kijiji kizima kwenye mchezo huo. Mama hataki. Huo ndio mvutano wa filamu: je, mgonjwa unampa ukweli au unampa hadithi?

Kuna mhusika mmoja ambaye wahakiki wengi humpita haraka, nami sitaki kumpita. Ni Mike, mwenye ukumbi wa video, anayesimama mbele ya watazamaji na kuisimulia filamu ya kigeni kwa maneno yake. Wakenya watamkumbuka DJ Afro, Waganda wanao mavijei wao wa Kiluganda. Sisi Tanzania tulikuwa na Lufufu.

Nimekulia Mlali, ile ya Mvomero chini ya milima ya Uluguru, siyo ile ya Kongwa. Magari ya kabichi na nyanya kutoka Mgeta yalikuwa yanapita pale usiku, na karibu na stendi kulikuwa na banda umiza: kuta za mabati, mabenchi ya mbao, jenereta nyuma, joto la kuivisha ndizi. Humo ndimo nilimsikia Lufufu, jina lake halisi Derek Gaspar Mukandala, kwenye mikanda ya VHS. Filamu ya Marekani au ya Hong Kong inaendelea, sauti inashuka, na juu yake inapanda sauti ya mtu mzima anayekueleza nani ni nani, anataka nini, na kwa nini ni mpumbavu. Alikuwa anatafsiri, lakini pia alikuwa anaongeza, anakejeli, anaonya, anatoa mawaidha. Mtafiti wa Kijerumani Matthias Krings amemwandikia katika kitabu chake African Appropriations cha mwaka 2015, na ninafurahi kwamba yuko kwenye vitabu, ila inaniuma kidogo kwamba sisi wapenzi wa fasihi ya Kiswahili tumechelewa. Tunajadili tafsiri miaka nenda rudi bila kumtaja mtafsiri aliyesikilizwa na watu wengi kuliko wote tuliowasoma darasani.

Mtafsiri huongeza. Hili halikuanza na Lufufu. Mwalimu Nyerere alipotafsiri tamthilia ya Shakespeare ya mfanyabiashara wa Venisi, akaitoa mwaka 1969, aliiita Mabepari wa Venisi. Miaka miwili tu baada ya Azimio la Arusha! Angeweza kuandika "mfanyabiashara". Akachagua "mabepari", tena kwa wingi, na kwa neno hilo moja akatuambia anavyotaka tuutazame mji ule. Hatumwiti mwongo. Tunasema ni tafsiri yenye mkono wa mtu ndani yake. Lufufu alikuwa na mkono huohuo, tofauti ni kwamba wake ulikuwa na jasho la banda umiza.

Sasa rudi nami gesti. Supa Modo imechanganya Kiswahili, Kikikuyu na Kiingereza. Kiswahili kilipotoka kwenye ile TV, mama alikaa wima kitandani. "Hawa ni Wakenya," akasema, kana kwamba amekutana na jirani wa shambani. Kila Kikikuyu kilipoingia, maandishi ya chini yalikuwa ya Kiingereza, na mama haisomi lugha hiyo.

"Anasema nini sasa?"

Nikawa Lufufu. Mwanzoni kwa aibu, sentensi moja moja. Baadaye nikanogewa. Nikaanza kuongeza. Mama anacheka, mimi naongeza. Nikampa mtu mmoja lafudhi ya Kiluguru, nikamfanya mwingine awe kama mjomba wetu anavyogomba. Kwa muda fulani chumba kile hakikuwa Chennai.

Nilipokuwa nimekolea hivyo, ndipo filamu ikanigeukia. Kwenye skrini Mwix anamwambia mgonjwa kitu kitamu kisicho kweli. Na mimi asubuhi ile nilikuwa nimefanya hilohilo.

Daktari alizungumza Kiingereza, taratibu, akinitazama mimi. Alisema uvimbe haujapungua kama walivyotarajia, na kwamba itabidi kuchagua kati ya operesheni yenye hatari zake na dawa za kuuzuia tu usikue. Alisema uamuzi ni wa mgonjwa. Mama akaniuliza, "Anasema nini?" Nikamwambia, "Anasema dawa zinafanya kazi, ila wataongeza nyingine." Daktari akatikisa kichwa akidhani nimetafsiri. Mama akashukuru. Dakika tano zote zile nilikuwa mtafsiri mwenye uhuru kamili, na hakuna mtu chumbani mle aliyejua isipokuwa mimi.

Hapa ndipo nafikia hoja yangu kuhusu filamu hii, ambayo wengi wameisifu kwa sababu isiyo sahihi. Imezoeleka kusema Supa Modo inatetea uongo wa upendo: mpe mgonjwa ndoto, afe akiwa na furaha. Kama ingekuwa hivyo tu, ingekuwa filamu ya kulilia na kusahau. Mimi naiona inafanya kitu kigumu zaidi. Inaanza na uongo, kisha hatua kwa hatua inaugeuza kuwa sanaa. Jo si mjinga. Mtoto aliyelala hospitali miezi anaujua mwili wake kuliko dada yake. Kadiri hadithi inavyokwenda, kinachomfurahisha ni kushiriki kuitengeneza hadithi, zaidi ya kuamini kwamba ana nguvu. Kijiji kinapochukua kamera na kuanza kutengeneza filamu yao wenyewe, hakuna tena anayedanganywa. Kila mmoja anajua ni mchezo, na Jo ndiye stelingi.

Hapo ndipo Mike anapata maana. Msimulizi wa banda umiza haongopi, hata akiongeza nusu ya maneno, kwa sababu watazamaji wanajua anaongeza. Wamelipa kiingilio kwa ajili hiyo. Mlali hatukuwahi kutoka bandani tukiamini kwamba askari wa Marekani huongea methali. Yalikuwa makubaliano. Uongo unaanza pale upande mmoja unapodhani anapewa maneno yaleyale kumbe anapewa mengine. Nyerere aliyaweka mabepari yake kwenye jalada, kila mtu ayaone. Mimi wangu niliuficha kwenye chumba cha daktari.

Filamu ina kasoro, na nisiitetee kwa sababu ilinishika pabaya. Kijiji kinakubaliana upesi mno. Mlali pangekuwa na kikao, na kikao kingekuwa na mtu wa kuuliza nani anagharamia, na mwingine angesusa kwa ugomvi wa mpaka wa shamba. Wainaina anawapa wanakijiji vichekesho, hawapi sababu zao binafsi. Pia mama wa Jo amebebeshwa kazi ya kuwa "mkali anayelainika". Nilipoitazama mara ya kwanza nilimwona kikwazo. Safari hii nikamwona ndiye mtu pekee anayejua kifo kinatokaje, maana kazi yake ni kupokea watoto wanaokuja, na sasa anatakiwa kumsindikiza anayekwenda. Filamu ingempa dakika kumi zaidi ingekuwa filamu kubwa zaidi. Haimpi, inakimbilia kwa watoto. Lakini inachofanya na dakika zake chache, kwa bajeti ndogo inayoonekana, ni kikubwa: imechukua utamaduni ambao wasomi wetu waliuona wa kihuni, ukumbi wa video na msimulizi wake, ikaufanya ndio unaobeba huzuni ya kijiji kizima.

Bandani tulikuwa na kanuni moja: stelingi hafi. Akipigwa risasi tunajua ataamka. Supa Modo inaichezea kanuni hiyo, na sitakuharibia mwisho. Nitasema tu kwamba inategemea unahesabu stelingi ni nani, mtoto mwenyewe au hadithi iliyotengenezwa naye.

Ilipoisha mama hakusema kitu kwa muda. Feni inazunguka, stiki imerudi kwenye orodha ya filamu nyingine ambazo hakuna aliyezitaka. Kisha akasema, "Yule mama alikuwa sahihi. Mtoto mwambieni, halafu chezeni naye."

Halafu, bila kunitazama: "Na yule daktari leo. Alisema nini hasa?"

Sijui alijua tangu asubuhi au aliijulia kwenye filamu. Sikumuuliza. Nilizima TV, nikamtafsiria upya, sentensi kwa sentensi, kama nilivyoikumbuka. Pale nisipokuwa na neno la Kiswahili nilisema sina, nikaeleza kwa mkono. Hapo sikuongeza kitu, na ilikuwa tafsiri ngumu kuliko zote nilizowahi kufanya. Aliuliza maswali matatu, yote ya mtu aliyewahi kuendesha shamba: itagharimu nini, itachukua muda gani, na ikishindikana inabaki nini. Nikayaandika. Kesho yake tukarudi kwa daktari na maswali yake, na yeye ndiye aliyechagua. Alichagua dawa, na kurudi nyumbani.

Tulipoondoka gesti nilitoka kwenye akaunti, nikaichomoa stiki, nikairudisha begini kwenye soksi. Sasa yuko Mlali. Jioni akiwa na nguvu anakaa kibarazani na jirani zake wanachambua mboga, na nimemsikia akiwasimulia Supa Modo kutoka mwanzo. Hana skrini wala stiki. Kwenye simulizi lake kijiji kiko njiani kwenda Mgeta, mganga ni Mluguru, na kikao cha kijiji kinachukua siku mbili kwa sababu ya ubishi. Mama wa Jo amepewa zile dakika kumi alizonyimwa na mwongozaji, na pengine zaidi.

Wanawake wale wanajua anaongeza. Mmoja anamuuliza, "Enhe, akasema nini sasa?" Naye anawaambia.