ROSA MISTIKA NA WASOMAJI WA DZALEKA: Msiba, Udada na Penzi la Kwanza

Agosti 2019, wakuu wa nchi za SADC waliokutana Dar es Salaam walikifanya Kiswahili lugha rasmi ya nne ya jumuiya hiyo. Julai 2023, wakati wa ziara ya Rais Samia nchini Malawi, Rais Chakwera alitangaza kwamba Kiswahili kitafundishwa katika shule za nchi hiyo. Ni rahisi basi kuiona Malawi kama shamba jipya lisilo na mbegu. Lakini kilomita zisizofika hamsini kutoka Lilongwe, katika wilaya ya Dowa, ipo kambi ya Dzaleka, ambako Kiswahili kimekuwa kikizungumzwa kila siku kwa miaka mingi.

Dzaleka lilikuwa gereza la kisiasa enzi za Kamuzu Banda. Tangu 1994 limekuwa makazi ya wakimbizi kutoka Kongo, Burundi, Rwanda na kwingineko. Lilikusudiwa watu wapatao 10,000 hadi 12,000, nalo leo lina zaidi ya 50,000. Vijana wa hapo wana sanaa yao: tamasha la Tumaini, lililoanzishwa 2014 na mshairi Mkongo Menes La Plume, huwaleta wageni kutoka Lilongwe na mbali zaidi. Swali letu katika makala haya ni hili: mwalimu wa Kiswahili akitaka riwaya ya kusoma na vijana hao, riwaya inayogusa msiba, udada na penzi la kwanza, achukue ipi? Tunapendekeza Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi (1971), ila isomwe tofauti na tulivyozoea.

Muhtasari na mazoea yetu

Rosa ni binti mkubwa wa Zakaria na Regina, wa Namagondo, Ukerewe. Anawatangulia Flora, Honorata, Stella na Sperantia. Baba mlevi anamchapa vibaya kwa sababu ya barua ya mapenzi kutoka kwa Charles. Rosa anakua bila kujua namna ya kuzungumza na mvulana. Baadaye, chuoni Morogoro, anaingia mikononi mwa mkuu wa chuo, Thomas. Charles anarudi katika maisha yake, wanapanga ndoa, kisha anamwacha alipojua kwamba si bikira. Rosa anajiua. Mwishoni, yeye na baba yake wanasimamishwa mbele ya Mungu.

Riwaya hii iliwahi kuzuiwa mashuleni, kisha ikakubalika na kusomwa sana. Tangu hapo darasani tumekuwa tukiuliza swali moja: nani alaumiwe? Jibu limekuwa malezi ya Zakaria. Swali hilo si baya, kwani mwandishi mwenyewe anatuelekeza huko kwa kufunga kisa kwa mashtaka. Hata hivyo, limetufanya tumsome Rosa kama mfano wa onyo, na wasichana darasani wanalijua hilo kabla ya kufungua kitabu.

Barua, jina na bikira

Nguvu ya riwaya, kwa maoni yetu, iko katika barua ya Charles. Penzi la kwanza linaanza kwa maandishi na linajibiwa kwa kipigo kabla halijapata kusemwa. Kuanzia hapo Rosa anajifunza mapenzi kwa siri, bila mtu wa kumwuliza. Msichana wa Dzaleka leo huenda akatumiwa ujumbe wa simu badala ya barua, lakini woga wa ujumbe huo kuonekana ni uleule.

Jina la riwaya nalo lina uzito. Ni jina la Bikira Maria katika litania, na Wakatoliki wengi kutoka Kongo na Burundi watalitambua mara moja. Kezilahabi anamvika Rosa jina la usafi, kisha anaonyesha wanaume wakimpima kwa kipimo ambacho wao wenyewe hawapimwi nacho. Thomas ana cheo, Charles ana haki ya kuchagua, na aliyebaki na aibu ni Rosa. Mwalimu asiyeligusa hili atakuwa amekifundisha kitabu upande wa Charles.

Wadogo zake wako wapi?

Udhaifu tunaouona ni huu: msimulizi anamfuata Rosa kwa karibu mno hata wadogo zake wanasikika kwa mbali. Kifo chake kinageuka kesi kabla hakijawa msiba. Kwetu aliyefiwa hukalishwa matanga, akaliliwa na kusikilizwa. Riwaya inampa Rosa mahakama, lakini haiwapi ndugu zake mkeka.

Kwa wasomaji wa Dzaleka pengo hilo ni kubwa. Katika familia iliyopoteza mzazi vitani au njiani, dada mkubwa ndiye hushika nafasi ya mama. Mei 2023, wakimbizi walioishi Lilongwe walipokamatwa na kurudishwa kambini kwa amri ya serikali, familia nyingi zilipoteza tena duka na nyumba. Msomaji wa namna hiyo hahitaji kuambiwa Rosa alikosea wapi. Atauliza Stella alilala vipi usiku ule.

Lugha nayo inatusaidia. Msomaji aliyekulia Lubumbashi humwita dada mkubwa "yaya". Kwetu yaya ni mlezi wa watoto wa wengine. Mwalimu mwenye haraka atalikata neno hilo kwa wino mwekundu. Sisi tunasema aliache, aulize darasa maana hizo mbili zinakutana wapi katika maisha ya Rosa.

Mapendekezo

Kwanza, kujiua kwa Rosa kusifundishwe kama adhabu ya dhambi. Darasani huenda yumo aliyefiwa kwa njia hiyo. Mwalimu azungumze na wanafunzi kabla ya kufika sura hizo. Pili, zoezi la insha lisiwe "Jadili malezi" pekee. Mwanafunzi aandike barua ya Stella kwa Rosa, kwa Kiswahili anachokijua, kisha sanifu ifundishwe juu yake. Tatu, barua hizo zihifadhiwe. Riwaya ya Dzaleka, yenye dada wawili, kaburi moja na mvulana mmoja kwenye basi la Lilongwe, itaandikwa na mtu aliyewahi kuruhusiwa kuandika "yaya".