Mtoto wa Nyoka: Nasaba za Waelfi katika Dungeons & Dragons

Katika Dungeons & Dragons, mchezo uliotolewa mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson, mhusika huundwa kwenye karatasi kabla ya hadithi kuanza. Player's Handbook ya mwaka 2014 iliwagawa Waelfi katika nasaba tatu: Waelfi wa juu, Waelfi wa msituni, na drow waishio chini ya ardhi. Wote walipewa alama mbili za wepesi. Kisha wa juu wakaongezewa moja ya akili, wa msituni moja ya busara, na drow moja ya mvuto. Hesabu hiyo ndogo ina dai kubwa: kwamba akili na busara hutoka tumboni mwa mama.

Dai hilo huwaelemea zaidi drow. Tangu miaka ya 1970 wamechorwa wakiwa na ngozi nyeusi na nywele nyeupe, waja wa Lolth, mungu wa kike wa buibui, na waovu karibu wote. Kwa Tolkien, Waelfi wa giza ni wale ambao hawakuiona nuru ya Miti Miwili. Giza lao ni la safari isiyofika mwisho. Mchezo ulilihamishia giza kwenye ngozi, na kutoka kwenye ngozi ukaliingiza moyoni. Mtoto wa nyoka ni nyoka, wasema wahenga. Hapa methali imegeuzwa kanuni.

Watetezi humtaja Drizzt Do'Urden, drow mwema aliyeingia katika riwaya za R. A. Salvatore mwaka 1988. Lakini wema wa Drizzt unamlazimu kuwakimbia watu wake, na sifa yake kuu ni kutofanana nao. Msomaji wa ughaibuni aliyewahi kuambiwa kwa tabasamu kwamba yeye si kama wenzake anaijua sifa hiyo, na anajua inawahukumu nani.

Toleo la 2024 limeacha neno la zamani na kuchukua lenye maana ya spishi. Kwa Kiswahili badiliko hili halina faraja kubwa. Kabila lina lugha na mila, na mgeni huweza kupokewa ndani yake; spishi ni mpaka wa kibayolojia usiovukika. Ama kuhusu drow, Kiswahili hakihitaji istilahi mpya: husema ubaguzi wa rangi, na rangi ndiyo iliyotumika.

Mageuzi yenye uzito yamo katika jedwali la alama. Sasa nyongeza za akili na busara hutokana na maisha aliyoyaishi mhusika: ukulima, uaskari, usomi. Drow pia ameondolewa udhaifu wake mbele ya jua. Hata hivyo, bado huzaliwa na uchawi wa kuita giza, na macho yaonayo gizani umbali wa futi 120, mara mbili ya Mwelfi wa kawaida. Mhakiki anayetaka kujua kama mchezo umebadilika na aanzie kwenye jedwali hilo, kisha ndipo aulize nasaba zinaitwaje.