Barabara ya Kasomeno: nani analipa peaje?
Bandugu, tuangalie hii mambo vizuri. Barabara ya peaje Kasomeno–Mwenda, pamoja na daraja ya Luapula mpaka Zambia, Leta aliipatia GED Africa, kampuni ya Hungaria: ijenge, ikusanye makuta, halafu irudishe. Wengi wanasifu: Leta ilishindwa, kampuni itaweza. Sawa, vumbi tumeikula vya kutosha. Lakini kamyo ya shaba ikilipa, ni mwenye mgodi anabeba. Kamyo ya mahindi ya Kasenga ikilipa, mwenye kamyo anakata ile makuta kwenye bei ya gunia: mkulima ndiye analipa, na kwenye bariera hakufika. Leta ikipana barabara, isipane na kalamu yenye kuandika bei.