Sungura Aliyedhoofishwa kwa Kipimo

Mfugaji wa sungura hapa Mlolongo, Kenya, aliyezoea kuwazika kwa kuhara tu, atashangaa kuambiwa kwamba mnyama huyu huishinda kuvu inayoua watu wazima. Joto la mwili wake ni nyuzi 39 hivi, na kriptokokasi, kuvu inayoleta homa ya uti wa mgongo kwa wenye kinga dhaifu, haistahimili joto hilo vizuri. Mtie kuvu hiyo kichwani, ataimaliza mwenyewe. Kwa mtafiti ni balaa: dawa utaipimaje kwa mnyama anayejiponya?

Mwaka 1980 John Perfect na wenzake wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walichapisha jibu lao: kotisoni, miligramu 2.5 kwa kila kilo ya sungura, kila siku. Kiasi ni kidogo, na uzuri wa kazi nzima umo humo. Ukizidisha, mnyama ataondoka na maradhi mengine ambayo hukuyakusudia. Ukipunguza, kinga inarudi na kuvu inafagiliwa. Kiasi kikiwa sawa, ugonjwa hujikokota siku baada ya siku, kama unavyomnyemelea mtu ambaye VVU vimemmaliza kinga.

Halafu sindano ya kuchota maji yanayozunguka ubongo. Sungura hulazwa kwa dawa ya usingizi, kisogo kikanyolewa, kichwa kikainamishwa. Kidole hupapasa mahali fuvu linapoishia, sindano ikapita hapo taratibu mpaka maji maangavu yajitokeze. Ikizama zaidi kidogo tu, itachoma shina la ubongo. Maji hayo huzimuliwa mara kumi, kisha mara kumi tena, yakapakwa kwenye sahani ya kuoteshea vimelea. Vidoa vya rangi ya maziwa vikishaota, huhesabiwa kimoja kimoja. Siku chache baadaye hurudiwa yote, kwa sungura yule yule.

Panya hana nafasi hiyo. Ili ubongo wake upimwe, lazima auawe, kwa hiyo panya wa leo hulinganishwa na mwingine wa kesho. Sungura hutoa mfululizo wake mwenyewe, na mtafiti akaona kuvu inapungua kwa kasi gani kila siku. Sipendi mateso ya wanyama, lakini mkono uliotulia namna hiyo nauvulia kofia.

Kasi hiyo hiyo hupimwa kwa wagonjwa. Mwaka 2017 kundi la William Hope wa Liverpool lilichapisha majaribio ya panya na sungura kuhusu kufupisha matibabu ya amfoterisini, dawa ya kuua kuvu, iliyofungwa ndani ya vitone vya mafuta. Majaribio ya watu yalifanyika Tanzania na Botswana, kisha makubwa zaidi, ya watu zaidi ya 800, katika nchi tano, Uganda ikiwemo. Matokeo ya 2022: dripu moja ya miligramu 10 kwa kilo, pamoja na vidonge vya flusitosini na flukonazo kwa wiki mbili, haikuwa duni kuliko dripu za kila siku kwa wiki nzima, na madhara yalipungua. Shirika la Afya Duniani likaipendekeza mwaka huo huo.

Dereva wa trela anayesubiri zamu kwenye mizani ya Mlolongo, mwenye VVU na kichwa kinachomuuma siku nyingi, asimeze panadoli akaendelea na safari. Aombe kipimo cha kriptokokasi. Tone la damu ya kidole linatosha, na majibu hutoka kwa dakika kumi hivi.